Namna ya Kupasukiwa: Mwongozo kwa Wasio na Muda wa Fizikia

Wapo watu waliojaliwa kupasukiwa bila juhudi yoyote. Sisi wengine lazima tujifunze. Mwongozo huu ni wa dereva, mpishi, msafiri na mwenye nyumba aliyechoka kufika salama na kula chakula kilichoiva, na anayetafuta njia nyepesi ya kuyakwepa yote mawili. Vifaa vyake vinapatikana: tairi, mtungi wa gesi, sufuria ya presha na kichwa kigumu. Hicho cha mwisho sharti uwe nacho mwenyewe, maana hakiazimwi.

Kwanza mjue unayepambana naye. Gesi iliyofungiwa mahali ina mambo matatu ya kuangaliwa: ujazo, yaani nafasi inayoikalia, kanieneo, yaani nguvu inayosukumia kuta, na halijoto. Zidisha kanieneo kwa ujazo, gawanya kwa halijoto, na jibu utakalopata halibadiliki maadamu hakuna gesi iliyoongezwa wala iliyovuja. Mfaransa Émile Clapeyron aliziunganisha sheria za waliomtangulia kuwa fomula moja mwaka 1834. Hakuna uchawi hapo. Chembe za hewa iliyomo chumbani mwako zinaruka huku na huko kwa kasi inayokaribia mita 500 kwa sekunde, zikigonga ukuta, meza na paji la uso wako bila kuomba radhi. Zipashe joto, zitakimbia zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Zipunguzie nafasi, zitagonga mara nyingi zaidi. Basi.

Utaona mara moja kasoro ya sheria hiyo. Haijali kwamba una haraka, haimjui mjomba wako, wala haipokei chai ya barabarani. Sheria ya namna hiyo inafaa ipuuzwe mapema.

Tuanze na tairi. Chukua lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma. Alfajiri, injini haijawashwa, hewa ni nyuzi 27, na matairi yamejazwa upepo hadi PSI 110 kama alivyoagiza mtengenezaji. Kila kitu kiko sawa, jambo ambalo halina ladha. Sasa pakia kupita uwezo, ondoka, na saa nane mchana simama mahali fulani ukishaipita Chalinze. Utingo ashuke na geji.

"Suka, haya yamekuwa mawe. Mia na ishirini na sita!"

"Punguza bwana, yasije yakatubastia."

Utingo anabonyeza vali, upepo unatoka kwa mluzi, geji inarudi 110, na wote wawili wanarudi kwenye kabini wakijiona watu wazima wenye kutunza mali ya tajiri. Hatua ya kwanza imekamilika kwa ufanisi mkubwa. Tairi la lori ni gumu, ujazo wake haubadiliki kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo joto likipanda, kilichobaki cha kupanda ni kanieneo. Hewa ya ndani ilikuwa imetoka nyuzi 27 hadi, tuseme, 67, na 126 ndiyo hasa namba inayotarajiwa. Mtengenezaji aliijua kabla lori halijaundwa. Kile kipimo chake cha 110 ni cha tairi baridi. Kwa maneno mengine, matairi hayakuwa na tatizo lolote. Tatizo limepatikana baada ya kutatuliwa.

Lori linakwea Kitonga, linaipita Iringa, linalala Makambako, na mwenye kuifahamu Makambako anajua baridi yake. Kabla ya jua kuchomoza, hewa ndani ya matairi imeshuka hadi nyuzi 12. Geji ingesoma takriban 90, lakini nani apime wakati jana yalipimwa? Tairi lenye upepo haba likibebeshwa tani zilezile hubonyea zaidi kila linapozunguka, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 400 kwa dakika. Mpira na nyuzi zake hukunjwa, hukunjuliwa, hukunjwa tena. Kukunjwa huko huzaa joto, joto huachanisha tabaka za tairi, na mahali fulani kwenye mteremko, mbele ya basi la abiria, unapata ulichokitafuta. Umelipasua tairi kwa kulitoa upepo ili lisipasuke. Hakuna njia nyingine katika mwongozo huu yenye urembo kama huo, na ndiyo maana nimeiweka ya kwanza.

Wenye elimu kidogo wana njia yao ya mkato. Kumbuka tu kwamba uliwahi kusikia darasani kuwa kanieneo huongezeka sambamba na halijoto. Usikumbuke kingine. Piga hesabu: nyuzi zimetoka 27 hadi 67, hiyo ni karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo 110 imeshakuwa 270 na ushei, kimbieni! Hesabu hiyo ni safi kabisa na haina hata chembe ya ukweli. Waliokaa darasani hadi kengele ilipolia wanajua kwamba sheria hii haihesabiwi kwa Selsiasi. Inahesabiwa kuanzia sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya kiwango cha barafu, ambako hakuna tena joto la kuondoa. Kwa hiyo 27 ni 300, na 67 ni 340. Ongezeko ni asilimia 13 tu. Halafu kuna mtego wa pili ambao hata waliosikia kengele huuangukia: geji haisomi kanieneo yote, inasoma ile inayozidi hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ni PSI 14.7. Tairi ambalo geji inasema lina sifuri bado lina hewa kama iliyoko barazani. Basi 110 ya geji ni 124.7 ya kweli. Ongeza asilimia 13, ondoa zile 14.7, utaikuta 126 ya utingo imekaa pale pale ikikusubiri.

Mwenye fedha za kuchezea anunue naitrojeni. Muuzaji atakuhakikishia kwamba haipanuki kwa joto kama hewa ya kawaida; mwitikie kwa kichwa, usimuulize swali. Naitrojeni inaitii sheria ileile kwa kiwango kilekile, na hewa ya kawaida inayosukumwa na kompresa ya fundi pancha chini ya mwembe ni naitrojeni kwa asilimia 78. Anachokuuzia ni kutokuwepo kwa ile 22 iliyobaki. Nisimwonee: naitrojeni ya dukani huwa kavu, haina mvuke wa maji, na kwenye matairi ya ndege hutumika kwa sababu hiyo na kwa kuwa haiuchochei moto. Kama gari lako linatua kwa kasi ya ndege, lipa.

Fani hii ina mababu, na si vyema kuwasahau. Tarehe 27 Agosti 1783, mwanafizikia Jacques Charles na wale ndugu wawili akina Robert waliachia puto la hidrojeni kutoka uwanja wa Champ de Mars, Paris. Halikuwa na mtu ndani. Walikuwa wamelijaza likakaza kama ngoma iliyopashwa motoni, umati ukashangilia, likapaa. Kadiri lilivyopanda, kanieneo ya hewa ya nje ikapungua; hidrojeni ya ndani, sasa haibanwi vya kutosha, ikadai nafasi zaidi; nafasi haikuwepo; kitambaa kikachanika. Mwanasayansi Robert Boyle alikuwa ameshalichapisha jambo hilo mwaka 1662: halijoto isipobadilika, ukipunguza kanieneo kwa nusu, ujazo huwa maradufu. Miaka 121 haikuitosha habari hiyo kumfikia aliyeshika bomba la kujazia. Puto likaanguka Gonesse, na wanakijiji walipoliona dude linalohema na kunuka likigaagaa shambani, wakalivamia kwa visu na uma za kukusanyia nyasi. Hao wa Gonesse nawahesabu kuwa wazee wetu wa heshima. Hawakupima, hawakuuliza, walichoma.

Charles, kwa hasara ya fani, alijifunza. Tarehe 1 Desemba mwaka uleule alipanda mwenyewe pamoja na Nicolas-Louis Robert, na puto lake lilikuwa na vali juu na shingo iliyoachwa wazi chini, ili hidrojeni inayopanuka ipate pa kutokea. Wakatua salama kabisa, jambo la kusikitisha. Robert akashuka, Charles akapaa tena peke yake, na puto lililopunguziwa mzigo likamrusha hadi kiasi cha mita 3,000, ambako hewa iliyofungiwa ndani ya sikio lake ilimfundisha sheria ya Boyle kwa maumivu. Hakupanda puto tena maisha yake yote. Miaka michache baadaye alichunguza jinsi gesi zinavyopanuka zikipashwa joto, akayaacha matokeo bila kuyachapisha. Aliyeyatoa hadharani ni Joseph Louis Gay-Lussac, mwaka 1802, pamoja na vipimo vyake mwenyewe vilivyo bora zaidi, na kwa uungwana akamtaja Charles. Wanafunzi wa sekondari mpaka leo hukariri jina la mtu aliyeiweka kazi yake sandukuni. Gay-Lussac mwenyewe masikio yake yalikuwa mazima: mwaka 1804 alifika karibu mita 7,000 kwa puto, juu kuliko kilele cha Kibo, akashuka na sampuli za hewa.

Asiye na puto afanye mazoezi ndani ya basi. Funga chupa tupu ya maji ukiwa Nairobi, shuka nayo Mombasa. Itafika imefinywa mbavu, kwa sababu hewa ya Nairobi ina kanieneo ya karibu asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Ukirudi, nunua pakiti ya krispi Mombasa na uiangalie ikivimba kuelekea Voi na Mtito Andei. Haipasuki, lakini inatia moyo.

Wazamiaji wanaopumua hewa ya mtungi chini ya maji wana sheria hiyohiyo kwenye mapafu: kila mita 10 za bahari huongeza kanieneo sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu, hivyo pumzi uliyoivuta mita 10 chini inataka kuwa maradufu ukifika juu. Hapa naweka kejeli kando kwa sentensi moja: unapopanda, endelea kupumua, usizuie pumzi kabisa.

Sasa jikoni, ambako ndiko kwenye wataalamu wengi.

Mtungi wa gesi unahitaji ujinga wa aina yake, kwa sababu yaliyosemwa juu ya tairi hayautoshi. Ndani yake kuna propani na butani katika hali ya kimiminika, na juu ya kimiminika hicho umekaa mvuke. Maadamu kimiminika hakijaisha, mvuke husukuma kwa kanieneo karibu ileile kwa halijoto ileile, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Kwa hiyo geji ya presha iliyofungwa kwenye regyuleta haiwezi kukuambia umebakiza kiasi gani. Nunua geji hiyo, iamini, kisha alika wakwe. Gesi itakata wali ukiwa haujakauka maji. Wapo wachoshi wanaopima mtungi kwenye mizani, wakautoa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe, wakajua kilo zilizobaki. Hawa hawaalikwi katika mwongozo huu.

Moto ukianza kunywea, majirani watajaa mlangoni.

"Utikise, shoga."

"Ulaze ubavu, utawaka mpaka kesho."

"Mama Asha, weka kwenye beseni la maji ya moto. Sisi mbona kila siku?"

Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na ndicho kinachomfanya awe hatari. Kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto lake mwenyewe. Upike kwa muda mrefu, mtungi utapoa hadi utoke jasho, na kanieneo itashuka. Mtikisiko huchota joto kutoka kwenye kuta za mtungi, moto ukapanda kidogo, jirani akasifiwa. Ukifunga jiko na kuuacha mtungi, hewa ya chumba ingefanya kazi hiyohiyo bure. Kuulaza ni hatua ya juu zaidi: sasa kinachoingia kwenye regyuleta ni kimiminika, na kila lita yake ikitoka nje hugeuka zaidi ya lita 200 za gesi. Jiko lililotengenezwa kwa mvuke halijui la kufanya na zawadi hiyo. Dari litajua.

Beseni la maji ya moto ndilo lenye mafunzo makubwa, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Ukiifunga hewa kavu ndani ya chombo na kuipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 40, kanieneo yake huongezeka asilimia 7 hivi. Aliyezoea matairi atadhani mtungi wa gesi uko hivyohivyo. Propani kwa nyuzi 20 inasukuma mara 8 na zaidi ya hewa ya kawaida. Kwa nyuzi 40 inasukuma zaidi ya mara 13. Sababu ni kwamba joto haliwakimbizi tu waliokwisha kuwa mvuke, linatoa wengine wapya kutoka kwenye kimiminika, na kila mmoja anayetoka anaongeza idadi ya wanaogonga kuta. Sheria nzuri ya Clapeyron ilisema wazi: maadamu hakuna gesi iliyoongezwa. Ndani ya mtungi, gesi inajiongeza yenyewe.

Ukiona beseni halitoshi, tafuta mtungi uliojazwa kichochoroni na mtu mwenye mpira na mtungi mkubwa. Viwanda hujaza mtungi kwa kiasi cha asilimia 80 na kuacha nafasi juu, kwa kuwa kimiminika nacho huvimba kikipata joto. Mjazaji wa kichochoroni ni mkarimu, anajaza pomoni. Kimiminika kikishakosa pa kuvimbia hakisikilizi tena habari za mvuke. Kinasukuma chuma moja kwa moja, na chuma ndicho kitakachokubali kwanza. Kumbuka pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo inayovuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, ikiwasubiri wavumilivu. Ile harufu mbaya imetiwa kiwandani kwa makusudi, maana yenyewe hainuki. Mtu wa fani yetu akiisikia huwasha kiberiti ili aone inakotokea. Wewe fungua madirisha, funga vali, na swichi ya taa usiiguse.

Sufuria ya presha nitaieleza kwa ufupi, kwani watengenezaji wake wameiharibia raha. Denis Papin, Mfaransa aliyefanya kazi na Boyle, aliionyesha London mwaka 1679, na karibu mara moja akaona haja ya kuiwekea vali yenye uzito ili mvuke uliozidi utoke. Mantiki yake ni kwamba maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuishinda hewa iliyo juu yake. Tanga huchemka nyuzi 100, Arusha kama 95, na kileleni Kibo karibu 80. Ndiyo maana mgeni anayetaka kushindwa kupika apande Kilimanjaro na maharage makavu na sufuria ya kawaida; maji yatachemka kwa furaha, maharage yatabaki kokoto, na wagumu, yaani wapagazi wake, watakula biskuti. Ndani ya sufuria ya presha, kanieneo ikifika mara mbili ya hewa ya pwani, maji hungoja hadi nyuzi 120 ndipo yachemke, na maharage husalimu amri.

Kwa hiyo kile kizito kinachopiga mluzi juu ya mfuniko kinakunyima usingizi wa mchana. Kifunge kwa waya. Au kikikaa kimya ghafla, usishuku kwamba tundu limezibwa na ganda la harage, furahia utulivu. Na mlo ukiiva, fungua mfuniko hapohapo kwa nguvu za mikono miwili kabla mvuke haujashuka, kwa kuwa wageni wana njaa na uso ni wako.

La mwisho ni kopo: la dawa ya mbu, la marashi, la rangi ya kupuliza. Limeandikwa lisiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 50, maandishi madogo ambayo hayasomwi na mtu anayeliacha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dodoma, ambako nyuzi hizo hufikiwa na kupitwa. Lakini kosa kubwa zaidi hufanywa kwa lile lililokwisha. Kopo lililoacha kupuliza si tupu. Lina gesi yenye kanieneo sawa na ya nje, na mara nyingi limebakiza matone ya kimiminika. Litupe kwenye moto wa taka: ujazo umefungwa, halijoto inapanda kutoka 300 kwenda 900 kwa kipimo cha Kelvini, kanieneo inakuwa mara tatu kwa hewa peke yake, na yale matone yanaongeza ya kwao bila kikomo cha adabu. Bati jembamba halijaundwa kwa hayo. Na wanaousogelea moto wa taka jioni, kwa fimbo na udadisi, kwa kawaida ni watoto. Kabla hujawasha, chambua makopo uyatoe.